Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii imetumika kuwanyamazisha watu wengi, na siku moja ilitumika kuninyamazisha mimi. Nilikuwa nimelalamika kwamba mashine ya kubadili sauti ya gitaa niliyokabidhiwa na bendi, ile ya kidijitali ambayo vijana huiita prosesa, haifai kwa kazi yetu, kwa sababu mpigaji hawezi kuirekebisha akiwa jukwaani muziki ukiendelea. Kiongozi wetu akanijibu kwa methali hiyo, wenzangu wakacheka, nami nikanyamaza. Sasa umri umesogea na sioni sababu ya kuendelea kunyamaza. Nasema kwamba kwa mpiga gitaa wa muziki wa dansi, mchagua jembe ndiye mkulima. Na mashine isiyogusika katikati ya wimbo si jembe hata kidogo, ni pambo.

Nianze na kisa chenyewe, ili msomaji asidhani nagombana na upepo.

Ilikuwa mwaka 2008, msimu wa mahindi, Kibaigwa. Anayepita barabara kuu ya Dodoma na Morogoro katika miezi ya mavuno anaujua mji huu: malori yamepanga foleni, magunia yamerundikana, na watu wamejaa, wafanyabiashara, madalali, wapagazi, madereva na matingo wao. Katika msimu huo fedha hulala Kibaigwa, na penye fedha bendi hufuata. Tulipata ukumbi wa baa moja, umeezekwa mabati wala hauna dari, tupige Ijumaa mpaka Jumapili. Mwenye baa akiridhika, tungerudi kila mwisho wa juma hadi msimu uishe. Kwa watu tuliolipwa kutokana na viingilio vya mlangoni, hiyo ilikuwa ni kodi ya chumba na ada ya shule za watoto.

Saa kumi na moja jioni tulijaribu vyombo. Ukumbi ulikuwa mtupu na mabati yalirudisha kila sauti kwa ukali, kwa hiyo nilipunguza trebo katika mashine yangu mpaka gitaa likawa laini. Nikaweka mwangwi wa kurudia kila pigo moja, ukakaa sawasawa na mwendo wa ngoma. Nikahifadhi sauti tatu: ya kumsindikiza mwimbaji, ya sebene, na ya nyimbo za taratibu. Nilikwenda kula nikiwa na moyo mweupe.

Saa tano usiku ukumbi ulikuwa umefurika. Miili ya watu na nguo zao humeza sauti, na humeza zaidi zile nyembamba kali; kwa hiyo gitaa lililokuwa laini jioni sasa lilikuwa limekufa. Tena mpiga ngoma, akiona watu wamechangamka, alikuwa ameongeza mwendo, na mwangwi wangu ukawa unaangukia pabaya. Mwimbaji wetu mzee alinisogelea wakati wa sebene akaninong'oneza: “Mwanangu, gitaa limezama. Na huo mwangwi wako unaikamata ngoma miguu.”

“Nimesikia, mzee,” nikamjibu.

Kusikia nilisikia. Kutengeneza ndiko kulikonishinda. Mashine ile ilikuwa na kioo kidogo na vitufe vichache, kila kimoja na kazi tano. Ili kuongeza trebo ilinibidi kubonyeza kitufe cha kuingia katika marekebisho, kisha kupita efekti moja baada ya nyingine hadi kufika panapohusika, kisha kufungua ukurasa wa pili, kisha kupandisha namba moja moja. Mwangwi nao ulikuwa na safari yake nyingine. Nikachuchumaa, mgongo nikiwapa wachezaji, mkono wa kulia ukiwa sakafuni. Gitaa la solo likanyamaza. Mpiga rithimu akabaki peke yake, akizunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Nilipoinuka sauti ilikuwa imerudi, na kwa dakika moja ukumbi ukafurahi. Mwimbaji akaingia, nikakanyaga sauti ya kwanza ili kumsindikiza. Sebene ikarudi, nikakanyaga sauti ya pili. Lahaula! Ni ile ile iliyokufa. Nilikuwa nimerekebisha bila kuhifadhi, na mashine nyingi za aina ile ukitoka tu kwenye mpangilio hutupa kila ulichobadilisha. Nikachuchumaa mara ya pili. Tingo mmoja akapaza sauti: “Fundi, umedondosha nini huko chini?” Ukumbi mzima ukacheka. Ukumbi ukicheka namna hiyo, wachezaji hukumbuka viti vyao.

Jumamosi watu walikuwa nusu. Jumapili mchana mwenye baa alituita akatulipa kwa heshima, na tulipouliza juu ya wiki inayofuata, alituambia amekwishazungumza na mtu wa disko kutoka Dodoma. Hakuwa na ugomvi. Alinishika bega akasema: “Kaka, disko halichuchumai.”

Maneno hayo matatu nimeishi nayo miaka yote hii, na hoja yangu yote imo ndani yake.

Kweli, disko halichuchumai. Halichoki, halidai chakula, halina watu wanane wa kulazwa gesti. Kwa bei bendi haiwezi kushindana nalo, na kwa usafi wa sauti pia haiwezi. Kitu kimoja tu bendi inacho ambacho sahani, kaseti, na sasa simu iliyochomekwa kwenye spika, havina: bendi huitika. Muziki wa dansi wa Tanzania ulijengwa juu ya kuitikia. Wimbo huanza na maneno, kisha hufika mahali ambapo maneno hupungua na magitaa huchukua usukani, pale ambapo wengine huita sebene na wengine huita chemko. Katika studio ya Radio Tanzania sehemu hiyo ilikuwa na mpaka wake, maana utepe una mwisho. Ukumbini haikuwa na mpaka. Wachezaji ndio walioipima. Mpiga solo alitazama miguu ya watu, akaona kipande hiki kimewaingia, akakirudia. Akaona wamechoka, akakiacha. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na rekodi ya Mbaraka Mwinshehe nyumbani alilipa kiingilio kwenda kumsikia Mbaraka Mwinshehe yule yule. Hakwenda kusikia wimbo. Alikwenda kusikiwa.

Sasa mpe mpigaji huyo mashine ambayo sauti zake zimefungwa kama dawa ndani ya vidonge. Anaona, anasikia, anajua kinachotakiwa, lakini hana namna. Umemgeuza kaseti yenye tumbo la kulishwa. Basi mwenye baa ana haki ya kuuliza: kama wote wawili hawaitikii, kwa nini nimlipe yule mwenye gharama kubwa?

Wapo wataalamu, na baadhi yao ni rafiki zangu, wasemao kwamba kosa lilikuwa langu. Wanasema mpigaji makini huandaa kila kitu nyumbani, akahifadhi, na jukwaani akabonyeza tu. Kurekebisha mbele ya watu, kwao, ni dalili ya mtu asiyejiandaa. Hoja hii inasikika kama hekima, kwa hiyo naomba tuipime.

Kwanza, nyumbani hupigi kwa sauti ya ukumbini, jirani hatakubali. Na sikio la binadamu halipimi sauti ndogo na sauti kubwa kwa mizani moja. Mwaka 1933 wanasayansi wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupungukiwa hasa na besi, na kwa kiasi fulani na trebo. Mtu anayeandaa chumbani huongeza vyote viwili mpaka aridhike. Akifika jukwaani na kufungulia amplifaya, besi yake inanguruma na trebo yake inakwaruza. Hakukosea chumbani. Sikio lake ndilo lililobadilika.

Pili, ukumbi wa jioni si ukumbi wa usiku, kama nilivyokwisha kueleza. Hata ukijaribu vyombo pale pale, umejaribu ukumbi ambao saa nne baadaye haupo tena.

Tatu, kuna hesabu ya mwangwi, nayo haina huruma. Ngoma ikienda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Ukiweka mwangwi hapo, unakaa barabara. Mpiga ngoma akipanda hadi mapigo 130, na katika sebene atapanda, pigo huwa milisekunde 461 hivi. Mwangwi wako uliouhifadhi nyumbani unachelewa karibu milisekunde 40, na ukijirudia mara ya pili unachelewa karibu 80. Hapo ndipo mzee anapokwambia unaikamata ngoma miguu. Je, tumwambie mpiga ngoma asichangamke kwa kuwa mashine ya gitaa imekwisha kuhifadhiwa? Hapo nani anamtumikia nani?

Sisi watu wa Kongwa, ambayo ndiyo wilaya ya Kibaigwa, tulipaswa kuwa wa mwisho duniani kudanganywa na mpango uliokamilishwa mbali. Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947. Mpango ulitaka kufyekwa kwa ekari zaidi ya milioni tatu. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuuliza udongo. Udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa kama matofali. Majembe ya matrekta yalilika, mvua haikufuata ratiba, na karanga zilizokomaa ziling'ang'aniwa na ardhi. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mgogo aliyekuwa akilima mtama na uwele jirani yake hakuwa na ramani. Alikuwa na jembe ambalo angeweza kulipandisha au kulishusha kwa mkono wake, kadiri udongo ulivyomjibu.

Mpangilio uliohifadhiwa katika mashine ni mradi wa karanga mdogo. Unaweza kuwa mzuri sana kwenye karatasi. Swali ni kama unakubali kujibiwa na udongo.

Na asije mtu akasema natetea mambo ya kale. Huku kwetu kubadili sauti ya chombo hakukuletwa na umeme. Ilimba ya Wagogo ina vipete vya chuma vinavyovuma pamoja na funguo zake. Mvumo ule si uchafu, ni efekti, ila imefungwa mahali ambapo kidole kinafika. Hayati Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba na zeze sehemu nyingi za dunia, hakuogopa mitambo: mwaka 2002 ilitoka santuri yake iitwayo Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada anayejulikana kwa ufundi wa vyombo vya elektroniki. Na Patrick Balisidya, mwana wa Dodoma aliyeiongoza Afro 70, alipiga gitaa la umeme na hakuna aliyemwambia kwamba ameacha asili. Sigombani na umeme wala na tarakimu. Prosesa moja hufanya kazi ya pedali kumi, hubebwa kwenye begi la mgongoni, na bei yake ikiwa imetumika si mbaya kwa mwanamuziki wa mikoani. Ninachogombana nacho ni mashine inayonifungia mlango kazi ikishaanza.

Nakubali mambo mawili. Wapo wapigaji ambao hawaachi kuchezea vishikio, kila baada ya beti wanainama, na hao ni kero. Lakini hao hawatafuti sauti, wanatafuta kuonekana. Na zipo kazi ambazo kila kitu kimepangwa tangu mwanzo, mwimbaji anaimba juu ya muziki uliorekodiwa, mwendo haubadiliki hata kidogo. Huko mpangilio uliofungwa unafaa kabisa. Lakini hiyo si kazi ya bendi ya dansi, wala ya kwaya inayorefusha kiitikio waumini wakiguswa. Tusipimwe kwa kanuni za kazi isiyokuwa yetu.

Wala tusidanganywe kwamba haiwezekani kutengeneza mashine nyepesi kurekebisha. Imewezekana zamani. ME-50 ya BOSS, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa imejaa nobu, yaani vishikio vya kuzungusha kama vya redio, ambapo kila aina ya efekti ilikuwa na vyake. Ukitaka kupunguza mwangwi unazungusha cha mwangwi, basi. G3 ya Zoom, iliyofuata miaka kadhaa baadaye, iliweka vioo vitatu vimepangana, kila kimoja na nobu zake tatu na kibonyezo chake cha mguu, ukaweza kuona efekti tatu kwa mara moja kama vile pedali tatu sakafuni. Helix ya Line 6, ya mwaka 2015, inamruhusu mpigaji kuchagua na kubadilisha kwa mguu bila kuinama. Hii ya mwisho ni ghali, wengi wetu tutaishia kuitazama. Lakini inathibitisha kwamba anayetengeneza mashine ya kuchuchumalia ameamua hivyo, hakulazimika.

Siku hizi wameleta dawa nyingine: unarekebisha kwa simu. Nimeona kijana jukwaani, sebene ikiwa imepamba moto, ametoa simu mfukoni na kuanza kuipapasa. Wachezaji walidhani anasoma ujumbe. Na hapo hapo simu ikaita! Nyumbani simu ni kioo kizuri cha kuandalia, sikatai. Jukwaani ni kuchuchumaa kwa namna nyingine. Tofauti ni kwamba sasa unawageuzia watu mgongo ukiwa umesimama.

Basi mpigaji afanye nini? Nitasema nilichojifunza kwa hasara.

Ukienda kununua, usisikilize sauti kwanza. Sauti zote dukani ni tamu. Simama, vaa gitaa, mwombe rafiki yako apige makofi kwa mwendo wa sebene, kisha ujaribu mambo manne bila kuacha kupiga zaidi ya kipimo kimoja: kupandisha sauti ya jumla, kuongeza trebo, kupunguza kiasi cha mwangwi, na kubadili mwendo wa mwangwi. Kama mashine ina kibonyezo cha kugonga mwendo kwa mguu, hilo la mwisho limekwisha. Mambo hayo manne yakishindikana, irudishe kabatini hata kama ina sauti mia mbili. Muulize pia mwuzaji kama kuna marekebisho ya jumla, yanayogusa sauti zote kwa pamoja, maana ukumbi ukibadilika umebadilika kwa sauti zote tatu, si kwa moja.

Ukishakuwa nayo, hifadhi sauti chache. Tatu zinatosha, nne ni anasa. Ziandae kwa sauti kubwa, pamoja na ngoma na besi, usiziandae peke yako. Zilinganishe ukubwa, ili ukikanyaga usimfunike mwimbaji. Jizoeze kuhifadhi mpaka vidole vifanye hivyo gizani. Na kama mashine yako ina namna ya kutumia efekti moja moja kama pedali za kawaida, itumie hiyo ukumbini, uache ile ya kurukia mpangilio mzima. Na mashine iweke juu ya kreti ya soda, mkono uifikie ukiwa umesimama. Kreti hiyo ingeniokoa Kibaigwa, nami sikuwa na akili ya kuiomba, ingawa baa ilikuwa na makreti ukuta mzima.

Mwisho nawageukia wenye bendi. Katika nchi hii tangu zamani vyombo vimekuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi zilizofuata zilikuwa za mashirika. Mwanamuziki aliajiriwa akakuta vyombo. Mashirika yamekwisha kujitoa, lakini tabia imebaki: tajiri ananunua, mpigaji anapokea. Halafu akisema chombo hakimfai anaambiwa methali. Ndugu zangu, mnaponunua gari la bendi mnamwita dereva alijaribu. Mwiteni basi na mpiga gitaa. Hachagui kwa maringo. Anatafuta kitu kitakachomwezesha kuwaitikia watu mnaotaka walipe mlangoni.

Nimepita Kibaigwa mara nyingi tangu wakati ule, na kila msimu ninasikia muziki kutoka kwenye baa za kando ya barabara. Karibu wote ni wa kurekodiwa. Siwalaumu wenye baa. Walitupa nafasi, wakauliza swali kwa miguu yao, na jibu letu likawa limefungwa ndani ya kisanduku, ukurasa wa pili. Iliyobaki ya bendi zetu ikitaka kuishi, ihakikishe kwamba safari ijayo swali likiulizwa, jibu liko mkononi.